Nishuke hadi kilo 51 au nisaini ngumi za kulipwa? Jibu kwa bondia wa miaka 18

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 18, mwakani naingia rasmi kwa wakubwa. Ni bingwa wa taifa wa vijana kilo 54, nimecheza mapambano 22 na kushinda 19. Nisipokuwa na pambano natembea na kilo 57 na nusu. Kocha anataka nishuke hadi 51, anasema huko hakuna watu. Kuna meneja naye anataka niache ridhaa nisaini sasa hivi. Ndoto yangu ni ubingwa wa dunia wa ridhaa na Olimpiki. Nifuate ipi?

Jibu: Marahaba, binti. Usishuke 51, na usisaini. Mwaka huu cheza 54 ikiwa unaifikia bila kuteseka, huku ukijijenga kuwa bondia wa 57 ndani ya miaka miwili. Sababu nyingi zinaanzia kwenye mizani, kwa hiyo nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine.

Mabondia wengi chipukizi hujifunza kupunguza uzito kwa kuwatazama wa kulipwa, na hapo ndipo wanapopotea. Wa kulipwa hupima uzito siku moja kabla, analala, anakula, anapanda ulingoni mara moja, halafu anakaa miezi kadhaa. Wa ridhaa hupima asubuhi ya siku ile ile ya pambano, na kwenye ubingwa hupima tena kila siku anayocheza. Kati ya mizani kufungwa na pambano la kwanza, kanuni zimezoea kuweka saa tatu tu. Droo ikiwa na wachezaji 32, medali ya dhahabu iko kwenye pambano la tano. Maana yake ni kwamba uzito huo utaufikisha mara tano ndani ya siku kama kumi, na kila mara utapigana siku hiyo hiyo.

Sasa piga hesabu. Kutoka 57.5 hadi 54 ni kilo 3.5, yaani asilimia 6 ya mwili wako. Kutoka 57.5 hadi 51 ni kilo 6.5, zaidi ya asilimia 11. Mtu anaweza kujikamua asilimia 11 mara moja akatoka mizani akiwa hai, lakini hawezi kuirudia mara tano na bado akawa bondia. Matokeo yake yanajulikana: pambano la kwanza anashinda kwa sababu mpinzani ni dhaifu, la pili anashinda kwa shida, la tatu miguu imekwisha na ngumi zinafika zimechelewa. Kocha anasema hakuwa na pumzi. Pumzi alikuwa nayo. Aliimwaga kwenye koti la jasho siku nne zilizopita. Tena mwili uliokauka maji ni mwili mbaya wa kupokea nao ngumi za kichwa. Hilo daktari yeyote wa ulingoni atakuambia kabla hujamuuliza.

Hiyo habari ya kwamba 51 hakuna watu huenda ni kweli kwa ubingwa wa taifa. Kimataifa si kweli. Kilo 51 ilikuwa kwenye Olimpiki tatu za kwanza za wanawake, na walioitawala walikuwa watu wa uzito huo kweli. Nicola Adams wa Uingereza alichukua dhahabu London 2012 kwa kumpiga Ren Cancan wa China kwenye fainali, akairudia Rio 2016. Mary Kom wa India alifika London akiwa na dhahabu tano za dunia, zote za uzito wa chini ya 51. Kwa kuwa Olimpiki ile ilikuwa na uzito tatu tu kwa wanawake, yaani 51, 60 na 75, ilibidi apande, na Adams akamtoa nusu fainali kwa pointi 11 kwa 6. Akarudi na shaba. Mwaka 2018 akiwa kwenye 48, uzito wake halisi, akachukua dhahabu ya sita ya dunia.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua uzito, tazama mambo mawili kwa pamoja: mwili wako, na orodha ya uzito unaochezwa kwenye shindano unalolitaka. Orodha hizo hubadilika. Tokyo wanawake walikuwa na uzito tano, Paris 2024 sita (50, 54, 57, 60, 66 na 75), na Los Angeles 2028 watakuwa na saba, sawa na wanaume. World Boxing, shirikisho jipya la dunia la ngumi za ridhaa, nayo imepanga uzito kumi kwa wanawake kwenye ubingwa wake wa dunia: 48, 51, 54, 57, 60, 65, 70, 75, 80 na zaidi ya 80. 54 na 57 zote zimo.

Sisemi kushuka ni kosa siku zote. Kellie Harrington wa Ireland alichukua fedha ya dunia mwaka 2016 kwenye kilo 64, uzito ambao Olimpiki ya wanawake haikuwa nao. Akashuka 60, mwaka 2018 akawa bingwa wa dunia, kisha dhahabu ya Olimpiki Tokyo na nyingine Paris. Lakini alikuwa mtu mzima ambaye mwili ulishatulia, na alishuka kwa miaka, si kwa wiki. Wewe una miaka 18. Mifupa na misuli yako bado inaongezeka, na kumbana binti anayekua ni kumzuia asipate nguvu ambayo ndiyo itamlisha akiwa na miaka 25.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: uzito wa kawaida, ukiwa mazoezini na unakula vizuri, usizidi asilimia 3 hadi 4 juu ya uzito wa mashindano. Kwa 54, hiyo ni kama kilo 55.6 hadi 56.2. Wewe uko 57.5, kwa hiyo kilo moja na nusu hadi mbili ziondoke polepole, gramu 300 hadi 500 kwa wiki, kwa wiki tano au sita. Zitoke kwenye mafuta ya mwili, si kwenye maji. Proteini shikilia gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 90 hadi 115 kwa siku, uzigawe kwenye milo minne. Wanga punguza kwenye mlo wa usiku na siku za mapumziko, usiuguse ule wa kabla ya sparingi (pambano la mazoezi).

Kilo moja na nusu hadi mbili zinazobaki ndizo za siku za mwisho. Siku mbili au tatu kabla ya mizani acha vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi na punguza chumvi. Utumbo ukiwa mtupu kuna nusu kilo hadi kilo nzima hapo. Kinachobaki kitoke kwa jasho jepesi jioni ya mwisho, kisizidi kilo moja. Ukiona unahitaji jasho la kilo tatu, mpango ulishaharibika mwezi mmoja nyuma, na dawa yake ni kupanda uzito, si kuongeza makoti.

Ukishuka mizani, maji uliyopoteza yarudishe mara moja na nusu. Umepoteza kilo 1.2? Kunywa lita 1.8 kwa mafungu madogo ndani ya saa mbili na nusu, yawe na chumvi kidogo, la sivyo utayakojoa yote. Wanga wa kumeng'enyika haraka, karibu gramu 50 hadi 55 kwa saa kwa mwili wako. Nyama na mafuta viache hadi baada ya pambano. Wala usijaribu chakula kipya siku hiyo.

Mambo mawili hapa huwaponza wasichana wengi kwa kutojua. Vidonge vya kukojoza ni dawa zilizokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, wakati wote, hata nje ya mashindano. Ukikutwa navyo unaweza kufungiwa kama aliyetumia dawa za kuongeza nguvu. Na dripu ya kurudisha maji inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 nayo imekatazwa, isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali au kwa kibali. Yule jamaa wa gym anayejitolea kukuwekea dripu baada ya mizani anakutafutia adhabu.

Halafu kuna hedhi. Siku chache kabla haijaanza, mwili wa wanawake wengi hushika maji, nusu kilo kwa mmoja, karibu mbili kwa mwingine. Kilo hizo si mafuta, na kuzifukuza kwa njaa ni kazi bure. Andika uzito wa kila asubuhi pamoja na siku ya mzunguko kwa miezi mitatu, utajua mwili wako unashika kiasi gani, na ratiba ya kupunguza itaanza mapema kidogo mashindano yakiangukia siku hizo. Hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo, usifurahie kwamba umepata nafuu. Ni dalili kwamba chakula hakitoshi kwa kazi unayofanya, na kinachofuata ni mifupa kudhoofika, homa zisizoisha na nguvu kushuka. Chukulia una mafuta asilimia 20: mwili usio na mafuta ni kilo 46. Kalori zinazobaki baada ya kutoa zile zilizochomwa na mazoezi zikishuka chini ya 30 kwa kila kilo hizo, yaani chini ya 1,380 kwa siku, uko eneo la hatari; 45 kwa kilo, kama 2,070, ndiyo sehemu salama. Pima na madini ya chuma kwenye damu angalau mara mbili kwa mwaka.

Tuingie ulingoni. Kwa wakubwa utacheza raundi tatu za dakika tatu, mapumziko ya dakika moja. Hadi Rio wanawake walicheza raundi nne za dakika mbili. Mfumo wa sasa ulianza 2017. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu pumziko moja limepotea na dakika ya tatu ya kila raundi ndipo watu wanapovunjika. Majaji ni watano, kila mmoja anampa mshindi wa raundi 10 na mwingine 9, au 8 akiwa amezidiwa wazi. Wanatazama kwanza ngumi safi zinazofika kwenye eneo linaloruhusiwa, kisha nani anatawala pambano kwa ufundi na mbinu, kisha nani anapambana. Ngumi inayotua kwenye glovu au mkono haihesabiki hata ikipiga kelele kiasi gani.

Ukipoteza raundi ya kwanza kwa majaji wengi, lazima ushinde mbili zinazofuata, na mwenzako anajua hilo. Atakaa mbali, atakumbatia, atakuacha umfuate. Mabondia wa vijana wamezoea kuanza taratibu wakimsoma mpinzani. Kwa wakubwa hiyo ni raundi uliyomzawadia. Fanya kazi ya kusoma ndani ya sekunde 30 za kwanza, kwa jabu (ngumi ya haraka ya mkono wa mbele) na kwa kuhadaa, halafu chukua raundi. Na sekunde 20 za mwisho za kila raundi ziwe na mfululizo wa ngumi tatu au nne safi unazoondoka nazo bila kujibiwa. Majaji nao ni binadamu, cha mwisho ndicho wanachokikumbuka. Usishike kichwa, usipige kwa glovu iliyofunguka, usiinamishe kichwa chini ya kiuno: onyo moja linakula pointi, na kwenye pambano la 29 kwa 28 pointi moja ndiyo pambano lenyewe. Maonyo matatu yanakutoa.

Vifaa vya wakubwa ni glovu za aunsi 10, kofia ya kinga (wanaume wakubwa waliivua mwaka 2013, wanawake wanaendelea kuivaa), kinga ya meno isiyo nyekundu, na bendeji za mkono za urefu wa mita 2.5 hadi 4.5. Kinga ya matiti ni hiari, ila isifunike sehemu nyingine ya kupigwa. Nywele zote zibanwe ndani ya kofia. Nywele zikichomoka kila raundi refa atakusimamisha, na utakuta umepoteza mtiririko kwa jambo la kipuuzi.

Wiki ya mazoezi nje ya kambi iwe na sparingi mara mbili, raundi sita hadi tisa kwa jumla, na moja tu kati ya hizo mbili iwe ya nguvu. Nyingine iwe ya kazi maalumu: mkono wa mbele peke yake, au kukaa kwenye kamba na kutoka. Sparingi nzito kila siku ndiyo inayomaliza mabondia wazuri kabla ya miaka 25, na gym nyingi bado zinaihesabu kuwa ushujaa. Nguvu za mwili mara mbili kwa wiki, uzito mkubwa marudio machache, ili upate nguvu bila kunenepa. Pumzi ijengwe kwa kufuata saa ya ulingoni: dakika tatu kazi, moja pumziko, mara sita. Mbio ndefu za kila alfajiri hazikufundishi dakika ya tatu. Siku 7 hadi 10 za mwisho punguza wingi wa kazi karibu nusu, lakini kasi ibaki ile ile. Na kwa kuwa unataka ubingwa, fanyia mazoezi mashindano yenyewe: mara moja au mbili kwa mwaka panga wiki ambayo unapima asubuhi, unapigana sparingi ya raundi tatu na mpinzani mpya, unapumzika siku, unarudia, mara nne. Huko ndiko utakakojua kama 54 ni uzito wako au ni jina tu.

Tarajia mwaka wa kwanza kwa wakubwa kuwa mgumu. Kundi hili ni la miaka 19 hadi 40, umri ukihesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Wewe una mapambano 22. Utakutana na mtu wa miaka 28 mwenye zaidi ya mia. Claressa Shields wa Marekani alishinda Olimpiki akiwa na miaka 17, kwa kanuni za umri za wakati ule, lakini huyo ni mmoja. Mira Potkonen wa Finland alipata shaba Rio, akapata nyingine Tokyo akiwa na miaka 40, mama wa watoto wawili. Stoyka Krasteva wa Bulgaria alitolewa na Nicola Adams London 2012, na dhahabu yake ikaja Tokyo akiwa na miaka 35. Kila mwaka tafuta mapambano 12 hadi 15, robo yake dhidi ya watu usiowajua kutoka nje, hata kama utapoteza baadhi. Rekodi isiyo na doa haina thamani kwenye ridhaa. Hakuna anayekulipa kwa ajili yake.

Ukipigwa ukaanguka, au refa akasimamisha kwa ngumi za kichwa, kuna likizo ya lazima. Kanuni zilizozoeleka ni angalau siku 30 kwa tukio moja, siku 90 yakiwa mawili ndani ya miezi mitatu, na mwaka mzima yakiwa matatu ndani ya miezi kumi na miwili. Likizo hiyo ni ya sparingi pia. Wanaodanganya hapa huwa hawadanganyi daktari, wanadanganya ubongo wao. Macho yapimwe kila mwaka, tena na daktari wa macho: Nicola Adams alistaafu mwaka 2019 kwa sababu ya jicho lililoharibika.

Sasa meneja. Kwenye ngumi za kulipwa raundi za wanawake ni za dakika mbili, na pambano la ubingwa kwa kawaida ni raundi kumi. Hakuna kofia, na kwa uzito wako glovu ni za aunsi 8. Ni mchezo mwingine, na promota hulipa jina kabla hajalipa ngumi. Katie Taylor wa Ireland aliingia huko Novemba 2016 akiwa na dhahabu ya London na za dunia tano. Shields mwezi huo huo akiwa na dhahabu mbili za Olimpiki na rekodi ya ridhaa ya ushindi 77 na kushindwa mara moja tu, mikononi mwa Savannah Marshall wa Uingereza. Watu hao walikaa mezani wakiwa na cha kuuza. Ni kweli Amanda Serrano hakukaa sana ridhaa na akafika juu kabisa, lakini alipigana miaka mingi kwa malipo madogo kabla ya kufika. Bingwa wa taifa wa vijana, mbele ya promota, ni msichana wa kupewa mapambano ya kufungulia.

Tangu 2016 wa kulipwa wameruhusiwa kucheza Olimpiki, kwa hiyo mlango haufungwi moja kwa moja. Kinachoufunga ni mkataba. Ukiletewa karatasi, tafuta vipengele hivi: muda, na kama unajirefusha wenyewe ukishinda taji, kama meneja ana haki ya kukukataza kwenda timu ya taifa, nani analipa matibabu ukiumia mazoezini, na asilimia yake inakatwa kabla au baada ya gharama. Wakili awe wako, asiwe yule aliyekuja na meneja.

Jambo la shirikisho nalo usilipuuze. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliiondolea IBA, shirikisho la zamani la ngumi za dunia, utambuzi mwezi Juni 2023, na mwaka 2025 ikaitambua World Boxing kwa muda na kuuthibitisha mchezo kwenye Los Angeles 2028. Uliza shirikisho lako limo World Boxing au halimo. Kama halimo, njia ya Olimpiki ina shimo ambalo mazoezi hayalizibi. World Boxing pia ilianza mwaka 2025 kudai kipimo cha jeni cha kubaini jinsia kwa wanaoingia mashindano ya wanawake, na utatia sahihi tamko kwamba huna mimba. Andaa nyaraka hizo miezi kadhaa kabla. Ukifika kiwango cha kuwekwa kwenye kundi la kupimwa dawa, utatakiwa kueleza kila siku unapatikana wapi. Kukosekana au kukosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa kama la kutumia dawa.

Kwa kocha wako, usiende na ubishi. Mpelekee daftari: uzito wa asubuhi wa miezi mitatu, siku za mzunguko, na jinsi ulivyopigana kwenye ile wiki ya kupima na kupigana mara nne. Mwombe akuonyeshe humo ni lini ungeifikia 51 ukabaki na miguu kwenye raundi ya tatu ya pambano la nne. Kocha anayejua kazi yake ataiona siku hiyo hiyo, na mtaanza kuzungumza kuhusu 57.